Unga wa uyoga "unaoua virusi": kabla hujaacha dawa zako, pita hapa kwanza

Mfamasia wa Kata

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha, leo naushusha kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi ana homa ya ini B. Aligundulika alipokwenda kumchangia damu mjukuu wake. Akaanzishiwa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, akawa anaendelea vizuri tu. Mwezi wa pili akapita kijana wa "ushauri wa afya" na kopo la unga wa kahawia. Akamwambia ni uyoga wa Kichina, unaua virusi vyote, wanasayansi wamethibitisha, na vile vidonge vya hospitali "vinachosha ini". Kopo moja laki na themanini. Shangazi akauza beberu, vidonge akavitia kabatini. Mwezi wa sita nimefika nyumbani nimemkuta macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, hata ugali hautamani.

Kilichoniuma ni kwamba yule kijana hakudanganya kila kitu. Uyoga alioutaja ni ganoderma, ule mgumu unaoota kwenye visiki, juu unang'aa kama umepakwa vanishi. Mwaka 1998 watafiti Japani walichapisha kwamba wametoa humo viambato kadhaa, kimoja kinaitwa ganoderioli F, na vilizuia VVU kwenye seli maabara kwa kiwango cha maikrogramu 7.8 kwa mililita. Vingine viliziba protiesi, ule mkasi ambao VVU hutumia kukatia protini zake. Hiyo ni kweli, imeandikwa.

Sasa hesabu. Dawa za kweli za kuziba protiesi zinafanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kidogo mara mamia. Halafu ile ni seli ndani ya sahani, hakuna tumbo, hakuna ini, hakuna figo. Kwenye sahani hata jiki inaua virusi, na hakuna anayekunywa jiki. Tena vilivyopimwa ni VVU. Virusi vya homa ya ini B mkasi wa namna hiyo hawana kabisa. Shangazi aliuziwa ufunguo wa nyumba ya jirani.

Lakini sikuja kuutukana uyoga. Humo ndani kuna utajiri mkubwa wa kemia, na nina hamu tuujadili kwa akili. Nitaendelea jioni, zamu imeanza.

Chogo la Ilala

Naweka kambi. Mama mkwe naye ana kopo kama hilo, lake la kahawa.

Mzee wa Kigogo

Mfamasia, wewe ni mwajiriwa wao, lazima useme hivyo. Wazungu wanajua uyoga unatibu, wanaficha ili wauze vidonge. Wachina wana miaka elfu mbili wanaunywa, wote wajinga?

Mfamasia wa Kata

Shikamoo mzee. Kwamba wanaficha, hapana. Wakipata kitu kwenye uyoga wanakiuza mchana kweupe, tena kwako wewe.

Unafuga kuku? Nenda duka la dawa za mifugo ulizia tiamulini, ile ya kuku wanaokoroma. Asili yake ni uyoga mdogo mweupe. Mwaka 1951 watu wa Bustani ya Mimea ya New York waliotesha uyoga huo kwenye chupa, wakaona maji yake yanazuia bakteria, wakatoa kiambato wakakiita pleuromutilini. Kama kilivyo hakikufaa kuwa dawa. Wanakemia wakakibadilisha mkia, ikapatikana tiamulini ya nguruwe na kuku. Wakaendelea kukichonga: 2007 ikatoka dawa ya kupaka ya binadamu, retapamulini, na 2019 Marekani ikaidhinisha lefamulini, ya kumeza na ya mshipani, kwa nimonia. Kutoka chupa ya kwanza mpaka hapo ni miaka 68.

Na wakulima wa nyanya mnaopulizia azoksistrobini dhidi ya ukungu: wazo lake lilitoka kwenye kiuyoga kinachoota juu ya makoni ya misonobari Ujerumani. Wajerumani wawili, Anke na Steglich, walikitolea kiambato mwaka 1977. Uyoga ule ulikuwa unawafukuza fangasi wenzake wasimlie chakula chake. Kiambato chenyewe kilikuwa kinaharibika juani, wakakichonga mpaka kikavumilia.

Kwa hiyo mzee, uyoga unatoa ramani, nyumba anajenga fundi.

Mama Mamama, Moro

Ngoja na mimi nichangie, naotesha uyoga mamama mwaka wa saba sasa.

Mnasema "kiambato" na mimi sijui kemia, ila nieleze ninachokiona bandani. Nikishapanda mbegu kwenye mfuko wa mabua ya mpunga, wiki ya kwanza kunakuwa na vidoti vyeupe, wiki ya tatu mfuko mzima mweupe kama umefungwa bandeji. Hizo ndizo nyuzi za uyoga, uyoga mnaokula ni tunda tu. Sasa kuna siku mfuko haukuchemshwa vizuri, unaingia ukungu wa kijani. Ukitazama kwa tochi pale kijani kinapokutana na cheupe, unaona mstari, kama mpaka wa shamba. Na upande wa cheupe hutoka matone ya maji ya manjano, yanabubujika juu ya nailoni kwa ndani, mazito kiasi. Wakati mwingine kijani kinasimama palepale hakivuki. Wakati mwingine kinashinda, mfuko unakwenda jalalani.

Mwalimu aliyetufundisha alisema hayo maji ni dalili uyoga umeudhika. Je, ndiyo hiyo dawa mnayoizungumzia?

Mfamasia wa Kata

Mama, umenipa raha! Ndiyo hiyo hasa. Uyoga hauna miguu ya kukimbia wala makucha, umekaa kwenye ubua mmoja na maadui mia. Unapigana kwa kemia. Na ulivyosema nyuzi ndizo zenye vita ni kweli, watafiti wengi siku hizi wanaotesha nyuzi kwenye chupa wanachuja yale maji, tunda hata hawaligusi. (Usiyaonje lakini.)

Sasa nieleze upande wa virusi. Kuna njia mbili na watu wanazichanganya sana.

Ya kwanza haigusi virusi hata kidogo. Kwenye kuta za uyoga kuna sukari ndefu zilizosukana, betaglukani. Miili yetu haina sukari ya namna hiyo, kwa hiyo askari wa mwili wakiigusa wanashtuka: fangasi kaingia! Wanaamka, wanaita wenzao. Japani walitoa lentinani kwenye uyoga wa shitake, na tangu 1985 iliruhusiwa kwa sindano, pamoja na dawa za saratani, kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Kumbuka: kwa sindano, imesafishwa, kwa kipimo, na ni ya kusindikiza dawa nyingine. Haijawahi kuwa unga wa kijiko kwenye uji.

Ya pili inawapiga virusi wenyewe, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi.

Fikiria virusi wanavyozaliana kama mtu anayetunga ushanga. Anachukua chembe moja moja ya vinasaba, anapitisha uzi, chembe nyingine, anapitisha uzi, mpaka mkufu mzima unakamilika. Sasa mchanganyie kwenye bakuli lake ushanga unaofanana kabisa na wa kweli, ila una tundu upande mmoja tu. Anaupokea, anapitisha uzi, halafu wa kufuata hauingii. Mkufu umeishia hapo.

Kuna uyoga wa rangi ya chungwa unaoota kwenye mwili wa buu, Cordyceps militaris. Mwaka 1950 Waingereza walitoa humo kodisepini, na kodisepini ni ushanga wa namna hiyo. Inafanana na adenosini ya mwili wetu, imekosa tu oksijeni moja pale ambapo uzi ungeshikia.

Na tenofoviri je? Nayo ni ushanga wa adenini usio na tundu la pili! Kile kidonge alichokiweka shangazi kabatini, na ambacho mamilioni ya ndugu zetu wanaotumia TLD, kidonge cha VVU chenye tenofoviri ndani, wanakimeza kila siku, ni binamu wa kemia ya uyoga. Shangazi aliacha binamu aliyesoma akaenda kumwajiri asiyejua hata kusoma.

Chogo la Ilala

Mkuu hapo kwenye ushanga nimeelewa kuliko miaka yangu yote ya baiolojia. Sasa kwa nini kodisepini yenyewe haikuwa dawa? 1950 mpaka leo!

Mfamasia wa Kata

Kwa sababu ya mlinzi wa getini. Damuni na kwenye ini kuna kimeng'enya, adenosini diaminesi, kinachokata adenosini zilizozidi. Kodisepini inafanana mno na adenosini, kwa hiyo nayo inakatwa, dakika chache tu imegeuka kitu kisicho na kazi. Na ile kidogo itakayoponyoka ikaingia kwenye seli, bado lazima iongezewe fosfati tatu ndiyo iwe ushanga wa kutungwa, na hatua ya kwanza ni ya taabu. Tena ikishaingia inaweza kutungwa hata na seli zako mwenyewe, ndiyo maana wengi wameikimbilia kwa ajili ya saratani.

Dawa ni hapo sasa. Tenofoviri mlinzi haikati, na fosfati ya kwanza imeshafungwa tayari kiwandani. Kodisepini nayo sasa imevalishwa: Oxford na kampuni ya NuCana wameifungia fosfati, wakaifunika nguo ya kumpita mlinzi, wakaiita NUC-7738, imejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani. Mtindo huo wa kuvalisha ulibuniwa na Chris McGuigan wa Cardiff, na ndio uliomo kwenye sofosbuviri ya homa ya ini C na remdesiviri ya enzi za korona.

Ukisaga Cordyceps ukanywa na maji ya moto, nguo hiyo haipo.

Mzinga Tabora

Wakuu, mimi nafuga nyuki, nina ushahidi wa upande wangu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walitoa utafiti pamoja na mtu mmoja wa uyoga, Paul Stamets. Jamaa alikuwa amewaona nyuki bustanini kwake wanafukua vipande vya mbao na kunyonya majimaji ya nyuzi za uyoga. Wakachuja maji ya nyuzi za uyoga wa visiki, jamii ya ganoderma, wakayatia kwenye sirapu ya sukari, wakawapa nyuki. Virusi vinavyokunjamanisha mabawa vikapungua mara 79 kulinganisha na mizinga isiyopewa, na aina nyingine, virusi vya Ziwa Sinai, mara 45,000. Hiyo ni kwenye mizinga halisi nje, siyo sahani.

Sasa Mfamasia, kama nyuki amepona, mtu je?

Mfamasia wa Kata

Utafiti huo naupenda, na namba ni hizo hizo. Mawili tu. Stamets ana kampuni inayouza bidhaa za uyoga, usome ukijua hilo. Halafu nyuki anakunywa ile sirapu kama chakula chake kikuu, na mwili wake ni tone. Wewe ungetakiwa ule nini ufikie kiwango chake? Ila kwa nyuki wenyewe ni habari nzuri mno, wenzetu wa Ulaya na Marekani wanalia na kupe wa varoa anayesambaza virusi hivyo. Nyuki wetu wakali wanamvumilia zaidi.

Njoro Finest

Kutoka Kenya hapa. Msidhani mambo haya ni ya Wazungu na Wajapani pekee. Chuo Kikuu cha Egerton, hapa kwetu Njoro, wamefanya kazi miaka kadhaa na kituo cha Helmholtz cha magonjwa ya kuambukiza kule Braunschweig, Ujerumani. Wanafunzi Wakenya walikuwa wanaingia msituni, wanatoa uyoga wa visiki, wanaotesha nyuzi zake maabara. Mwaka 2018 walichapisha asidi za mikroporeniki, viambato vilivyokuwa havijulikani duniani, kutoka kwa uyoga wa Kenya. Zinazuia bakteria na fangasi kujijengea ule utando wao wa kuteleza. Si za virusi hizo, lakini maabara hiyo hiyo ya Braunschweig 2019 ilitoa rodatini kutoka uyoga mwingine wenye sura ya pichi iliyokunjamana, na hiyo ilizuia virusi vya homa ya ini C kwenye seli.

Swali langu ni moja: kikipatikana cha kuuzwa, mwenye msitu anapata nini? Sisi tunakumbuka Ziwa Bogoria. Vijidudu vya maji moto vilichukuliwa, vimeng'enya vyake vikaishia kuchakaza jinzi za watu ng'ambo, na mzozo wa nani anadai nini ukasumbua miaka. Siku hizi kuna Itifaki ya Nagoya, ilianza kufanya kazi 2014, inataka kibali na mgao kabla sampuli haijatoka. Karatasi tunazo. Hebu tuone pesa.

Mzee wa Kigogo

Umeona Mfamasia! Niliposema wanachukua uliniona mzushi.

Mfamasia wa Kata

Mzee hapo umenishika. Wewe ulisema wanaficha, Njoro anasema wanachukua. La Njoro sina ubishi nalo.

Dada wa Temeke

Naomba nisaidiwe kwa heshima. Nimepimwa nina HPV, vile virusi vinavyoweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi. Kuna mtu kanitumia habari ya AHCC, ya uyoga wa shitake, kwamba inaondoa HPV kabisa na utafiti upo. Ni wale wale wa kopo?

Mfamasia wa Kata

Pole dada, na umefanya vizuri kupima. Huyu amekutumia kitu chenye utafiti wa kweli, tuupime.

Ulifanyika Houston, Texas, ukatoka 2022. Wanawake wenye HPV iliyoganda zaidi ya miaka 2. Waliokunywa gramu 3 kila siku kabla ya kula, miezi 6: kati ya 22, virusi vilipotea kwa 14. Waliopewa kidonge bandia: 2 kati ya 19. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote upande wa uyoga na virusi kwa binadamu, kwa sababu ina kundi la kulinganisha na mgonjwa hakujua anakunywa nini. Lakini jumla ni wanawake 41. Kata yangu moja ina zaidi ya hao kwenye foleni ya kliniki Jumatatu. Unahitajika utafiti mkubwa kabla mtu hajasimama aseme inatibu. Nayo ni bidhaa maalumu ya nyuzi zilizooteshwa tangini, kwa hiyo shitake ya kukaanga haihusiki, na unga wa mtaani ndiyo kabisa.

Kwako: HPV nyingi mwili huzitoa wenyewe ndani ya miaka 2. Kinachoua ni mabadiliko ya shingo ya kizazi yasiyoonekana mapema, na hayo yanatibika palepale kliniki. Usikose tarehe ya kurudi. Kama una binti wa miaka 9 mpaka 14, chanjo ipo na ni bure.

Chogo la Ilala

Swali la mwisho kwangu. Basi hakuna hata dawa moja ya virusi iliyotoka kwenye jamii ya uyoga ikafika dukani?

Mfamasia wa Kata

Dukani hapana. Ilifika mlangoni ikaanguka, na kisa chake nakipenda.

Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi alikuwa likizo Norway, akachota udongo kwenye mfuko. Humo mlikuwa na ukungu uliotoa siklosporini, dawa inayotuliza kinga mwili usikatae figo la kupandikizwa. Kila mtu akajua ni ukungu wa udongo tu. Mpaka 1996, watafiti wa Cornell wakakuta kiuyoga kimeota juu ya buu la mbawakawa kwenye mbao bovu, wakakiotesha, kumbe ni yule yule! Ukungu ule ulikuwa na sura ya pili, na sura hiyo ni ya jamii ya Cordyceps.

Sasa siklosporini hushika protini yetu iitwayo siklofilini, na virusi vya homa ya ini C wanaitegemea protini hiyo kuzaliana. Wanakemia wakaichonga ikabaki inashika siklofilini bila kulaza kinga. Ikaitwa alisporiviri. Ikafika hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa. Mwaka 2012 wachache wakapata uvimbe wa kongosho, mmoja akafariki, mamlaka ya Marekani ikasimamisha. Mwaka uliofuata sofosbuviri ikaidhinishwa, inatibu kwa wiki chache, nani angerudi nyuma? Miaka arobaini na ushee ya kazi, imelala.

Nikikumbuka hiyo nikamtazama yule kijana na kopo lake la laki na themanini, hasira zinapanda upya.

Mama Mamama, Moro

Na shangazi?

Mfamasia wa Kata

Asante kwa kumkumbuka mama. Alilazwa siku 9, amerudishiwa tenofoviri. Macho yameanza kuwa meupe. Daktari alimweleza kwamba kuacha ghafla ndiko kulikowaamsha virusi, si vidonge kuchosha ini. Kopo amelikataa kulitupa, anasema ni beberu wake yumo humo.

Mzee wa Kigogo

Mpe pole zangu. Sasa Mfamasia, ile tiamulini ya uyoga. Kuku wangu kumi na wawili wanakoroma tangu juzi, machozi, na kamasi. Inachanganywaje?

Mfamasia wa Kata

Mzee, kabla ya yote tazama lebo ya mfuko wa chakula unachowapa. Kama kimetiwa salinomisini, monensini au narasini za kuzuia koksidia, usiwape tiamulini hata tone, vikikutana vinawalegeza miguu na kuwaua. Soma lebo uniandikie hapa ni chakula gani, kisha muone mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Mzee wa Kigogo

Mfuko tumeshautandika chini ya vifaranga. Ngoja niuvute.